Mjomba Akifa Kwetu Watu Hucheka, na Kicheko Hicho Kina Historia

Acha niseme mapema: ukienda matangani Magarini ukakuta watu wanacheka, usikimbilie kusema hawana adabu. Kwetu mtu aliyekuwa mcheshi huliliwa, halafu stori zake husimuliwa mpaka wale waliokuwa wakilia wanashika mbavu. Na si tabia iliyoletwa na simu. Ni ya zamani kuliko nchi inayoitwa Kenya.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alifariki mwaka jana. Alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi upande wa Marereni, kazi ya jua kali na miguu iliyopasuka, na bado ndiye aliyekuwa akichekesha kila mtu. Akija kwetu sikukuu, sisi watoto alituita majina ya uongo makusudi, na ukimrekebisha anakupa jina baya zaidi. Mimi niliitwa "Karani" miaka yote kwa sababu nilikuwa napenda kushika kalamu. Nilipoacha chuo, ukoo mzima ukiwa umenuna, yeye alisema tu, "Karani amefunga ofisi." Nikacheka. Siku hiyo nilihitaji sana kucheka.

Stori yake kubwa ilikuwa ya Nyari, lile korongo jekundu la Marafa ambalo watalii huliita Hell's Kitchen. Wazee husimulia kwamba pale palikuwa na kijiji cha matajiri waliooga maziwa huku wengine wakilala njaa, Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Mjomba aliongeza kipande chake: ati ng'ombe mmoja kati ya wale alikuwa wa babu yetu, tajiri alimkopa, na deni halijalipwa hadi leo. Nikiwa na miaka 8 niliamini kabisa kwamba familia yetu inadai.

Sasa usiku wa tatu wa matanga, jirani mmoja mzee akasimama akasema, "Msilie sana, ameenda kufuata ule ng'ombe." Watu walianguka. Mama yangu, ambaye hakuwa amekula tangu msiba uanze, alicheka hadi kanga ikamdondoka, kisha akaomba uji. Hapo ndipo nilianza kujiuliza: huu utaratibu ulitoka wapi?

Kwa Kigiriama matanga huitwa hanga, na desturi ya kale ilikuwa na mawili. Kwanza hanga itsi, yaani bichi, wakati wa maziko. Halafu baadaye hanga ivu, yaani bivu. Fikiria hayo majina. Wazee walijua huzuni ina hatua zake, kwamba mwanzoni ni mbichi, haikauki kwa amri, na lazima watu wakusanyike tena ikishaiva. Kulikuwa na chakula, mnazi na ngoma, na ngoma yenyewe ya msiba ilikuwa kifudu.

Kifudu hicho hicho kiliingia kwenye siasa. Mwaka 1913, Waingereza walipokuwa wanataka kodi na vijana wa kufanya kazi kwenye mashamba yao, Mekatilili wa Menza alizunguka kijiji kwa kijiji akicheza kifudu. Watu walipoona ngoma ya msiba inachezwa na hakuna aliyekufa, walimfuata kusikiliza. Alikuwa akiwaambia kuna kinachokufa: nchi yao. Waingereza wakamkamata Oktoba mwaka huo na kumpeleka mbali, magharibi mwa Kenya, na bado alirudi. Mwaka uliofuata vita vikazuka, Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, na Wagiriama waliokuwa kaskazini ya mto Sabaki, yaani huku huku kwetu, wakaamriwa wahame. Kaburi la Mekatilili liko Bungale, ndani ya Magarini.

Kuna kitu kingine kwenye stori yake ambacho hakisemwi sana. Inasimuliwa kwamba kaka yake, Mwarandu, alichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa. Huyo naye ni mjomba wa watu. Hakupata hanga, bichi wala bivu. Tunalijua jina lake kwa sababu tu dada yake hakuacha kulitaja.

Kutaja jina ndiyo kazi yenyewe. Mababu zetu waliifanya kwa mbao. Mtu wa kawaida akifa aliwekewa kigogo kidogo kiitwacho koma. Mwanachama wa Gohu aliwekewa kigango: ubao mrefu wa mti mgumu, una kichwa, umechongwa pembetatu nyingi na kupakwa rangi. Gohu lilikuwa kundi la wazee wenye heshima, na kuingia hukuingia bure. Ulichinja, ukamwaga mnazi, ukalisha watu. Yaani mtu aliyekuja kusimamishiwa kigango alikuwa ameshawahi kufanya karamu ambayo kijiji kinaikumbuka. Mara nyingi kigango kilikuja miaka baada ya kifo, marehemu akimjia ndugu yake kwenye ndoto kudai akumbukwe. Basi kinachongwa, kinasimamishwa, kinamwagiwa mnazi, mzee anaongeleshwa kama yupo.

Na kikishasimama hakihamishwi. Familia ikihama, kigango kinabaki pale. Hapo ndipo shida ilianzia.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru wa Kilifi akiwa na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake wawili waliofariki. Muda mfupi baadaye vikaibiwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi, Udvardy akaonyeshwa picha za mkusanyo wa chuo kikuu kimoja cha Illinois, na mmoja wa wale ndugu alikuwemo. Wa pili alipatikana kwenye makumbusho ya chuo cha Hampton, Virginia. Ilichukua hadi 2007 kwa wote wawili kurudi kwa familia. Mzee Kalume alikuwa ameshafariki.

Hawakuwa peke yao. Udvardy na wenzake, akiwemo Mkenya John Mitsanze, walihesabu karibu vigango 300 katika makumbusho 19 ya Marekani. Makumbusho ya Denver yalikuwa na 30, baadhi vikiwa vimetolewa na mwigizaji Gene Hackman. Mwaka 2014 yalikubali kuvirudisha. Waza: baba mdogo wa mtu, aliyelisha kijiji kizima, amesimama kwenye ghala la Marekani na hakuna hata mtu mmoja pale anayejua jina lake.

Ni rahisi kuwalaumu Wazungu na kumalizia hapo. Lakini hao wa Hollywood hawakuja Kilifi usiku na tochi. Mara nyingi waliong'oa vigango walikuwa vijana wa huku huku, hawana kazi, wakauzia wenye maduka ya vinyago kwa hela ndogo, na kule ng'ambo vikauzwa kwa maelfu ya dola. Vijana kama sisi. Njaa naielewa, walahi. Ninachojua pia ni kwamba ni rahisi kuuza kitu ambacho hujawahi kuambiwa stori yake. Kwa kijana asiyemjua mzee yule, kile kilikuwa ubao tu.

Najua kuna atakayeniuliza kuhusu disko matanga. Serikali imezipiga marufuku Kilifi zaidi ya mara moja, na kwa hilo sibishani. Zile spika za usiku kucha, ambapo wasichana wadogo wanadhuriwa na nusu ya waliokuja hawajui hata nani amekufa, si hanga. Kipimo changu ni rahisi: je, marehemu anatajwa? Kwenye hanga la Mjomba kila wimbo ulikuwa na jina lake na kila kicheko kilikuwa juu ya kitu alichofanya. Ukitoa jina la marehemu, kinachobaki ni sherehe ya watu wengine kwenye uwanja wenu.

Sisi kigango hatuchongi tena. Wengi ni Wakristo au Waislamu, na sidai turudi huko. Lakini tulichoweka badala yake ni nini? Tunaposti picha kwenye stetasi na mshumaa, baada ya saa 24 imefutika, na mwaka ukipita hakuna anayekumbuka mzaha hata mmoja wa yule mtu.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Kila familia ina mjomba au ami mmoja ambaye akifika kila mtu anatoka nje. Wikendi hii mfuate na hiyo simu yako. Mrekodi akisimulia uongo wake mkubwa kuliko wote, muulize jina la babu yake, muulize ni nani alikuwa mcheshi kabla yake. Andika majina. Sauti ya Mjomba mimi ninayo kwenye simu, dakika 11, anasimulia habari ya ng'ombe. Nimeisambaza kwa binamu zangu wote, na yule mdogo, wa miaka 6, juzi ameniuliza tutalipwa lini.