Vanishi

Vanishi ni kimiminika kinachopakwa juu ya mbao, plastiki, chuma au picha iliyochorwa, kikikauka huacha utando mgumu unaopitisha mwanga. Tofauti yake na rangi ni kwamba haifichi kilicho chini yake: mistari ya mbao, nakshi na hata makosa ya fundi huonekana, na mara nyingi huonekana zaidi kuliko kabla ya kupakwa. Neno limetoholewa kutoka Kiingereza.

Kila vanishi ina sehemu mbili. Moja hubaki: utomvu wa mti, shelaki inayotokana na wadudu wa Asia, au plastiki ya kiwandani kama akriliki na poliuretani. Nyingine ni kiyeyushi kinachoruka hewani: spiriti, tepentaini, thina au maji. Vanishi za mafuta huongezewa mafuta yanayokauka, hasa ya mbegu za kitani. Kabla ya kupaka au kurekebisha, ni lazima kujua kiyeyushi chake. Jina la kampuni si muhimu kiasi hicho.

Sandarusi ya Zanzibar

Katika karne ya 19 mojawapo ya vanishi ngumu zilizosifiwa sana Ulaya na Marekani, iliyotumika hasa kwenye magari ya farasi na samani bora, ilitengenezwa kwa sandarusi iliyopitia bandari ya Zanzibar. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi (Hymenaea verrucosa), mti unaoota Unguja, pwani ya bara na Madagaska. Isichanganywe na utomvu wa Moroko wenye jina linalofanana, ambao hutoka kwenye mti mwingine kabisa.

Utomvu mbichi uliochumwa mtini uliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo. Uliotafutwa ni ule uliozama ardhini miaka mingi baada ya mti wenyewe kufa, ukawa mgumu kama jiwe. Wenyeji wa Mrima waliuchimba kwa majembe, na ulipooshwa ulionyesha vipele vidogo kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika pwani hii mwaka 1857, aliieleza biashara hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1860.

Mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833 ulifungua njia kwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na mwaka 1837 mmoja wao, Richard Waters, akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar. Meli zao zilileta kitambaa cha pamba, ambacho Kiswahili bado hukiita merikani, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Ganda la nje lilisafishwa kiwandani Salem. Utomvu huu haukuyeyuka kwa urahisi: ulipaswa kupashwa moto kupita nyuzi 300 za selsiasi ndipo ukubali kuchanganyika na mafuta. Katika karne ya 20 utomvu wa viwandani ulichukua nafasi yake.

Namna ya kukauka

Shelaki na laka hukauka kwa kiyeyushi kuruka tu. Ukizigusa tena kwa kiyeyushi chake hulainika, kwa hiyo tabaka jipya hushikana na la zamani na kosa linaweza kufutwa. Vanishi za mafuta na poliuretani hubadilika kikemia, nyingi kwa kuvuta oksijeni ya hewa. Zikishakauka hazirudi nyuma, na dawa yake ni msasa. Akriliki ya maji iko katikati: maji hayaiyeyushi tena, lakini spiriti huilainisha.

Kupaka katika hewa ya pwani

Mbao hupigwa msasa kwa kufuata mistari yake, kwa kawaida namba 120 kisha 180 na 240, na vumbi hufutwa. Msaji una mafuta ya asili yanayochelewesha vanishi ya mafuta kukauka, hivyo hufutwa kwanza kwa thina. Tabaka la kwanza huzimuliwa ili liingie ndani. Mawili au matatu yanayofuata huwa membamba, na kati yake hupitishwa msasa laini. Kopo hukorogwa taratibu kwa kijiti. Kulitikisa hujaza mapovu ambayo hubaki kwenye utando.

Karakana nyingi za maseremala mjini Unguja, kama zile za Mwanakwerekwe, ni mabanda yaliyo wazi kando ya barabara, na vumbi ni adui anayejulikana. Unyevu haupewi uzito huo, nao huharibu kazi nyingi zaidi. Laka inayoruka haraka hupoza uso wa mbao; hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hutonea ndani ya utando na kuacha ukungu mweupe. Hutokea zaidi wakati wa masika, Machi hadi Mei, na jioni. Kipimo rahisi ni kuweka chupa ya maji baridi mezani: ikitoka jasho jingi mara moja, kazi ya laka isubiri. Siku za kawaida muda mzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kivulini. Desturi ya kunyunyiza maji sakafuni ili kutuliza vumbi ina faida, lakini ifanywe mapema, sakafu ikauke kabla kopo halijafunguliwa.

Ukungu wa laka mara nyingi huondoka kwa kupulizia thina kidogo, iliyo ya kuruka polepole, siku yenye hewa kavu. Ule wa shelaki huondoka kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo. Michirizi huachwa ikauke kabisa ndipo ikatwe kwa msasa. Kuigusa ikiwa mbichi huongeza kidonda. Vijishimo vya mviringo ni dalili ya mafuta au nta juu ya mbao, na kuongeza tabaka hakutavifunika: huna budi kusafisha upya. Mikunjo hutokana na vanishi ya mafuta iliyopakwa nene, juu ikakauka huku chini bado mbichi.

Milango ya nakshi

Mji Mkongwe wa Zanzibar uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na milango yake ya msaji na mfenesi ni sehemu kubwa ya sifa hiyo. Kuipaka poliuretani ya kung'aa huipendezesha kwa muda mfupi tu. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa mvua na jua, utando mgumu hupasuka, maji huingia chini yake, na miale ya urujuanimno huuvunja hadi ukabanduka kama magamba ya samaki. Kuurekebisha kunahitaji msasa, na kila msasa hula ncha za nakshi. Mafuta yanayopenya hayang'ai sana na hurudiwa mara kwa mara, lakini hurudiwa bila kukwangua chochote. Kwa mlango wa kale unaoelekea jua hayo ndiyo chaguo salama.

Modeli za plastiki

Ndege, meli na magari madogo ya kuunganisha hutengenezwa zaidi kwa polistireni, ambayo thina ya laka huiyeyusha. Akriliki ya maji ni salama zaidi. Nembo za kubandika kwa maji huwekwa juu ya tabaka linalong'aa, kwa kuwa uso uliokwaruza hushika hewa chini yake na nembo huonekana kama fedha. Vanishi isiyong'aa hufuata mwishoni. Hiyo hupata ukungu ikiwa unga wake haukukorogwa vizuri au hewa ilikuwa na unyevu. Tabaka jembamba la kung'aa mara nyingi huurudisha uwazi, kisha hurudiwa. Kioo cha rubani kilichofifia kwa mvuke wa supaglu husuguliwa kwa msasa laini sana wenye maji, kisha kwa dawa ya meno, na kuchovywa kwenye akriliki safi.

Usalama

Mvuke wa thina na laka huwaka haraka na hudhuru mapafu, kwa hiyo kazi hufanywa mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vinaweza kuwaka vyenyewe vikirundikwa, bila cheche yoyote, kwa joto la mafuta yanapokauka. Hutandazwa nje kimoja kimoja hadi vikauke, au hutiwa kwenye ndoo ya maji.