Jina la Kunguni wa Mibuni

Mkulima wa mibuni humwita mdudu huyu kunguni, jina lile lile la mdudu wa kitandani. Wala hatumlaumu, kwani wote wawili hunuka na kufyonza. Lakini wajuzi nao walichanganya. Miaka mingi vitabu viliandika *Antestia lineaticollis*, kana kwamba ni wa namna moja tu. Mgongo wake ni kama ngao yenye madoa meusi, meupe na ya rangi ya machungwa, na madoa hayo hubadilika sana. Ndiyo yaliyodanganya macho. Mwaka 1948 Ghesquière na Carayon walimtenga mmoja, wakamwita *intricata*. Mwaka 1952 Leston akawahamisha katika jamii mpya, *Antestiopsis*. Na baadaye Greathead akaongeza *facetoides*.

Tusidhani ni ugomvi wa majina matupu. Mdudu huyu hufyonza matunda mabichi, buni zikaoza ndani ya ganda, na mwenye shamba akapata hasara. Basi tusomapo habari za kale za mayai yake na adui zake, kama alizoziandika Kirkpatrick mwaka 1937, hatuna budi kuuliza kwanza: ni za kunguni yupi?