Manowari Iliyojivika Mikoko

Ubishi ulianza kwa kinyozi, hapa Kiandutu, mwezi wa pili mwaka wa 2024. Msee mmoja alikuwa anatusomea habari kwa simu: tarehe 30 Januari, kwenye Bahari ya Shamu, manowari ya Marekani iitwayo USS Gravely ilikuwa imeangusha kombora la Wahouthi likiwa limebakisha kama kilomita moja na nusu tu kuifikia. Kinyozi akazima mashine. "Si wanasema hizo meli za siku hizi hazionekani kwa rada?" akauliza. "Sasa kombora lilijuaje iko wapi?"

Swali zuri, na nililijibu vibaya siku hiyo. Acha nijaribu tena.

Hakuna meli isiyoonekana. Kuna meli inayoonekana kwa kuchelewa. Rada hutuma mawimbi, yakigonga kitu yanarudi, na meli ya zamani yenye kuta wima na vyuma vimechomoza kila upande huyarudisha mengi sana. Ndiyo maana manowari mpya zina kuta zilizoinama, mizinga na vyombo vingine vimefunikwa, hata moshi wake hupoozwa kabla ya kutoka ili usionekane na mitambo inayonusa joto. Kwenye rada, meli ya mita mia inaweza kufanana na mashua ya mvuvi. Adui atakuona, lakini lazima asogee karibu zaidi, au abahatishe.

Kinga ya karibu ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni ya wakati kujificha kumeshindikana. Phalanx, ambayo ndiyo Gravely iliitumia, ni mzinga wa mitutu sita na rada yake yenyewe, unaotema risasi za milimita 20 kwa kasi ya kama 4,500 kwa dakika. Kombora linaloruka karibu na kasi ya sauti humaliza kilomita moja na nusu kwa sekunde tano hivi. Umbali huo sisi tunautembea dakika ishirini. Katika sekunde tano hakuna mtu wa kuamua chochote, mashine inaamua yenyewe, mradi mtu awe ameiwasha.

Na hapo ndipo mambo huharibika. Tarehe 17 Mei 1987 ndege ya Iraki iliirushia USS Stark makombora mawili kwenye Ghuba ya Uajemi. Stark ilikuwa na Phalanx, lakini haikuwa imewekwa katika hali ya kufyatua yenyewe. Wanamaji 37 walikufa. Tarehe 14 Julai 2006, karibu na pwani ya Lebanoni, INS Hanit ya Israeli ilipigwa na kombora la Hezbollah, wanne wakafa. Hanit ilijengwa kwa kuta za kuinama na ilikuwa na kinga ya makombora. Mitambo ya kinga ilikuwa imezimwa, kwa sababu hakuna aliyedhani upande wa pili una kombora la aina hiyo. Ukiniuliza, hilo ndilo tatizo kubwa la kujificha: mtu aliyejificha vizuri huanza kuamini kwamba hatafutwi.

Lakini mfano unaonikaa kichwani hauko huko mbali. Uko kusini mwa Dar es Salaam, kwenye delta ya Rufiji, na ni wa kabla ya rada.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Wajerumani SMS Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, ilitokea Unguja na kuikuta HMS Pegasus ya Waingereza imetia nanga, mashine zake zikitengenezwa. Königsberg ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5, na ilifika mbali kuliko ile ya Pegasus. Haikuwa vita, ilikuwa kupigwa mtu amelala. Mabaharia 38 wa Pegasus walikufa, na baadhi yao wamezikwa kwenye kisiwa cha Chapwani, ng'ambo kidogo ya Mji Mkongwe.

Baada ya hapo Königsberg ikapotea. Mashine zake nazo zilikuwa zimechoka, na makaa ya mawe yalikuwa haba. Looff aliipandisha mtoni Rufiji, kwenye vijito vilivyojaa mikoko, mahali ambapo manowari kubwa za Waingereza hazingeweza kuingia kwa sababu maji ni mafupi. Wakaifunika matawi. Ukiwa baharini unaangalia pwani, ulikuwa unaona msitu tu. Zile sehemu za mashine zilizohitaji fundi zilifunguliwa, zikavutwa na maelfu ya watu kwa nchi kavu hadi karakana ya Dar es Salaam, kisha zikarudishwa vivyo hivyo. Hao watu washike akilini, nitawarudia.

Ilichomtoa Looff si macho, ni karatasi. Waingereza walikamata makaratasi Lindi, kwenye meli ya Präsident, yaliyoonyesha makaa yanapelekwa Salale, ndani ya delta. HMS Chatham ikaenda kuangalia, na tarehe 30 Oktoba 1914 watu wake wakaona milingoti imechomoza juu ya miti. Milingoti! Umefunika meli nzima matawi, halafu urefu wako unakusaliti. Wabunifu wa manowari za leo bado wanapambana na jambo hilohilo, ndiyo maana milingoti yao imegeuka minara minene iliyoinama.

Sasa hesabu ikageuka. Looff hangeweza kutoka, kwa sababu mdomoni mwa mto palikuwa na manowari zinamsubiri. Wao hawangeweza kuingia. Ilikaa hivyo zaidi ya miezi minane. Mabaharia wake wakaanza kuumwa malaria, wengine wakapelekwa bara kupigana na jeshi la Lettow-Vorbeck. Meli ilikuwa salama kwenye maficho yake, ikiisha polepole.

Waingereza walileta vitu viwili. Kwanza ndege, ambazo mwishowe ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia, maana matawi humficha mtu kwa anayeangalia kutoka baharini, si kwa anayeangalia kutoka juu. Pili, Severn na Mersey, meli pana za mizinga zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazili, ambazo Uingereza ilizinunua vita vilipoanza. Kina chake hakikufika mita mbili, kwa hiyo ziliweza kupanda mto.

Tarehe 6 Julai 1915 zilijaribu, zikashindwa. Wajerumani walikuwa na watu mitini kando ya mto wakielekeza mizinga, na Mersey ikapigwa vibaya. Tarehe 11 zikarudi. Juu yao walikuwa rubani Cull na mwenzake Arnold, wakituma ujumbe kwa redio kila risasi ilipoanguka: fupi, ndefu, kushoto. Königsberg iliipiga ndege yenyewe. Kulingana na nilivyoeleza hapo juu, hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake ya karibu, na ilifanya kazi kabisa. Ila ilikuwa imechelewa kwa dakika chache. Ndege ikishuka huku injini imekufa, Arnold aliendelea kutuma masahihisho, na Severn ikawa tayari imeshapata kipimo. Jioni Looff mwenyewe alikuwa ameilipua meli yake. Ikalala ubavu kwenye matope.

Vitabu vingi vya manowari huishia hapo. Kwetu ndiyo kwanza inaanza.

Wajerumani waliiopoa mizinga yote kumi. Wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam na kuipeleka vitani, nchi kavu, mahali pasipo na barabara. Kuvuta mmoja tu kulihitaji mamia ya watu. Upande wa pili, Waingereza nao walihitaji kila gunia la unga na kila sanduku la risasi libebwe kichwani, kwa sababu mbung'o walikuwa wanaua ng'ombe na farasi. Mwaka wa 1917 msako wa wapagazi ulifika kila kona ya Kenya, na machifu waliambiwa walete wanaume. Reli ilikuwa imeshafika Thika tangu 1913, kwa hiyo kuwasafirisha hakukuwa kazi. Waliopelekwa kutoka Kenya walizidi 150,000. Maelfu mengi waliandikwa kuwa wamekufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na nimonia, na wanahistoria wanakubaliana kwamba orodha hiyo ilikuwa pungufu. Jeshi la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza jina ambalo midomo yetu iligeuza kuwa Kariakoo, na hapo ndipo Nairobi ilipata Kariokor yake, pale tunaponunua viondo.

Babake cucu wangu alichukuliwa mwaka huo. Alirudi bila vidole viwili vya mguu. Si risasi, ni funza, waliowala wapagazi miguu mpaka wakashindwa kutembea, na mpagazi asiyetembea hana kazi kwa jeshi. Funza wenyewe walifika Afrika kwa meli iliyotoka Brazili kwenda Angola mwaka wa 1872, wakiwa kwenye mchanga uliowekwa ndani kuipa meli uzito. Brazili tena. Walivuka bara zima kabla ya karne kwisha. Kwa Kikuyu funza ni ndutu, na sisi tunaoishi mtaa huu tunajua jina lake lilitoka wapi.

Pale Fort Jesus, Mombasa, wamesimamisha mizinga miwili ya vita hivyo, mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg. Watu hupiga picha wamekaa juu yake. Wa Königsberg ni mrefu kuliko nilivyodhani, na mzito, hata kuusukuma kwa bega hausikii chochote.

Nilimweleza kinyozi haya yote wiki iliyopita, akininyoa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa huyo guka aliwahi kuiona hiyo meli?"

Nikamwambia hapana. Alipofika Rufiji ilikuwa imelala matopeni karibu miaka miwili, na yeye alikuwa amebeba unga.