Sonda ya mkojo: kwa nini mganga anaiweka, na kwa nini haifai kuivuta

Sonda ni mpira mwembamba ambao mganga ao muuguzi anaupitisha katika njia ya mkojo mpaka ndani ya kibofu. Kwenye ncha yake kuko puto dogo. Likiisha kujazwa maji safi ya hospitali, linazuia mpira usitoke. Mkojo unateremka wenyewe mpaka kwenye mfuko.

Wengine wanasema mgonjwa akiwekewa sonda, amekwisha. Hapana. Inawekwa kwa mzee ambaye prostate imefunga njia ya mkojo, kwa mama anayezaa kwa operesheni, ao kwa mgonjwa mahututi, ili waganga wapime mkojo unaotoka.

Katika Kivu kuko sababu ingine kubwa: fistula. Mama akikaa na uchungu siku mbili ao tatu mbali na hospitali, kichwa cha mtoto kinabana kibofu kwenye mfupa. Damu haipiti tena, nyama inakufa, na kisha siku chache tundu linafunguka. Mkojo unavuja mchana na usiku. Mama wa namna hiyo anaweza kufukuzwa hata na bwana yake.

Sonda ikiwekwa mapema na kukaa siku ambazo mganga amepanga, kibofu kinabaki tupu na kinapumzika. Tundu dogo lingali jipya linaweza hata kujifunga bila operesheni. Fistula kubwa inashonwa, kama vile inafanyika Panzi kule Bukavu na HEAL Africa kule Goma. Kisha kushonwa, sonda inabaki tena siku nyingi. Mama anayeitoa mbele ya wakati, juu ya haya ao juu ya shamba linalomungoja, anaweza kuharibu kazi yote.

Namna ya kuitunza: kunawa mikono na sabuni mbele ya kuigusa, kusafisha sehemu hiyo kila siku, kuweka mfuko chini kuliko kibofu lakini si kwenye udongo, kuangalia mpira usikunjike, na kunywa maji mengi kama mganga hakukataza. Kuivuta kwa nguvu kunapasua njia ya mkojo, kwa kuwa puto lingali limejaa.

Mkojo ukikatika, ukitoka na damu nyingi, ao homa na maumivu vikianza, mgonjwa arudi mbio kwenye kituo cha afya, asingoje kesho.