Nafasi ya tatu, mara mbili: mwaka 1998



Siku ile tulipokutana mara ya mwisho, kisha chakula, niliuliza swali moja la kuchekesha tu: "Mwaka 1998 Léopards walipata nafasi ya tatu Afrika, kwa penalti. Ilikuwa wapi?" Meza nzima ikajibu kwa sauti moja: Ouagadougou! Mukubwa mumoja akasimama kabisa, akaacha soda yake, akaanza kutuonyesha vile mabao yalivyoingia. Nikamuacha amalize. Kisha nikawaambia kwamba jibu lao ni nusu. Kuna nafasi ya tatu ingine, mwaka ule ule, kwa penalti vilevile, na haikuchezwa Ouagadougou. Watu wakaangaliana. Mumoja akasema: "Labda ya basiketi?" Hapana. Ya mupira wa miguu. Ya wanawake.

Basi niliahidi kuandika, na hii njo andiko lenyewe.

Tuanze na ile munayoijua. Mwezi wa pili 1998, Kombe la Afrika, Burkina Faso. Ilikuwa mara ya kwanza timu yetu kucheza kombe lile tangu jina la Zaire kuondolewa mwezi wa tano 1997. Kwenye nusu fainali Afrika ya Kusini ya Benni McCarthy ikatutoa 2-1. Kwenye mechi ya kutafuta nafasi ya tatu wenyeji walikuwa wanatuongoza 4-1, mechi inaelekea mwisho, watu wameanza kuzima televizio. Ikaisha 4-4. Penalti, tukashinda 4-1. Kila mutu wa umri wangu anajua mahali alikuwa usiku ule, na wale waliozima televizio mpaka leo wanadanganya kwamba waliona yote.

Sasa ile ingine. Mwezi wa kumi wa mwaka ule, Nijeria. Mashindano ya wanawake ya Afrika yalikuwa yamechezwa mara mbili mbele ya pale, 1991 na 1995, lakini kwa mutindo wa kwenda na kurudi, ekipe moja inamufuata ingine kwake, na Nijeria njo ilishinda zote mbili. Mwaka 1998 ilikuwa mara ya kwanza ekipe nane zinakusanyika mahali pamoja, kama wanaume wanavyofanya. Tena kulikuwa na zawadi kubwa nyuma yake: ekipe mbili za kwanza zitaenda Kombe la Dunia la 1999 huko Marekani.

Wadada wetu wakatoka kwenye kundi. Wakafika nusu fainali, na pale wakapigwa na Gana. Musomaji, simama hapo kidogo. Kwa sababu ekipe mbili za fainali njo zilikuwa na tiketi, nusu fainali ile ilikuwa mulango wa Kombe la Dunia. Mechi moja tu. Kongo ya wanawake haijacheza Kombe la Dunia hata leo. Wanaume wa 1974 tunawaimba, hata na ile 9-0 ya Yugoslavia tunaisamehe. Wadada wa 1998 walibaki mechi moja nyuma ya mulango ule ule, na kwetu hakuna anayesimulia.

Fainali Nijeria ikaifunga Gana 2-0, tarehe 31 mwezi wa kumi, wote wawili wakaenda Marekani. Sisi tukacheza na Kameruni kwa ajili ya nafasi ya tatu. Ikaisha 3-3. Penalti 3-1, Kongo ikashinda. Angalieni vile mwaka ulivyojirudia: kupoteza nusu fainali, sare ya mabao mengi, penalti, nafasi ya tatu.

Mutaniambia: ndugu, mwezi wa kumi 1998 sisi wa Goma tulikuwa na nafasi gani ya kufikiri mupira? Ni kweli, na njo maana ninaandika hii kwenye ukurasa wetu sisi na si kwa wengine. Vita ya pili ilitangaziwa hapa hapa, tarehe 2 mwezi wa nane. Siku mbili kisha pale, ndege zikaruka kutoka uwanja wetu na askari mpaka Kitona, kule karibu na bahari, upande mwingine kabisa wa inchi. Umeme wa Inga ukakatwa, Kinshasa ikabaki gizani. RCD ikaweka kiti chake Goma. Katikati ya mwezi wa kumi Kindu ikaanguka. Maana yake, siku zile zile wadada walikuwa wanafunga viatu Nijeria wakiwa na rangi za inchi moja, inchi yenyewe ilikuwa imepasuliwa, na sisi tulikuwa kwenye kipande ambacho hakikuwatuma.

Nyumbani kwetu baba alikuwa anasikiliza habari za Kiswahili za BBC kila jioni, na sisi wote kimya. Ninakumbuka majina ya miji: Kalemie, Kindu, Kisangani. Ninakumbuka majina ya majenerali. Habari ya wanawake waliofunga mabao matatu dhidi ya Kameruni, sikumbuki hata siku moja. Na ndani ya nyumba ile kulikuwa na dada yangu mukubwa, ambaye kila saa kumi na moja alikuwa anaenda kucheza na wavulana juu ya makoro kule Majengo, anarudi magoti yamechunika, anapewa maneno na mama. Hakuna mutu alimuambia.

Kwa miaka mingi nilitosheka na jibu lile: ni vita. Vita ilimeza habari. Lakini siku niliyoketi kupanga miaka kwenye karatasi, kama tulivyofundishwa na walimu wetu wa historia, jibu lile likaanza kuchechemea. Chukueni wanaume. Vita iliendelea mpaka 2003 na kuunganisha inchi. Wanaume walicheza Kombe la Afrika 2000. Wakacheza 2002, wakafika robo fainali. Wakacheza 2004. Wakacheza 2006. Inchi ile ile, hazina ile ile tupu, vita ile ile, lakini tiketi za ndege zilipatikana. Wanawake, wakitoka kwenye nafasi ya tatu, hawakuonekana kwenye fainali za 2000, wala 2002, wala 2004. Walirudi 2006, kisha 2012, kisha tena kimya cha miaka kumi na tatu.

Kwa hiyo vita inaeleza sababu gani sisi wa Goma hatukusikia. Haielezi sababu gani mbegu ile haikumwagiliwa maji. Ile ilikuwa uamuzi wa watu waliokaa ofisini, na mutu asije kuniambia kwamba pesa ilikosekana, pesa ilichagua.

Kilichokuja kubadilisha mambo kilitoka kwenye kilabu, hakikutoka kwenye ekipe ya taifa. Mwaka 2021 CAF ilianzisha Ligi ya Mabingwa ya wanawake. Sundowns wa Afrika ya Kusini walishinda ya kwanza, AS FAR wa Moroko wakashinda 2022, Sundowns tena 2023. Mazembe ya Lubumbashi ilienda 2022, ikarudi bila kuvuka kundi. Mwaka 2023 hata hawakufika. Halafu msimu wa 2024, Mazembe wakiwa na kocha mwanamuke, Lamia Boumehdi, Mumoroko, wakaenda kucheza Moroko kwenyewe. Wakawekwa kundi moja na AS FAR, na AS FAR ikamaliza mbele yao. Tarehe 23 mwezi wa kumi na moja, kule El Jadida, wakakutana tena kwenye fainali, uwanja mzima ukiwa dhidi yao. Bao moja, penalti ya Marlène Kasaj. 1-0. Mazembe mabingwa wa Afrika.

Ninajua kati yetu kuna wenye hawapendi Mazembe hata kidogo, na mimi si mutu wa Lubumbashi. Lakini siku ile nilipiga kelele peke yangu chumbani mpaka jirani akaja kugonga. Kilabu ile wanaume wake walikuwa wameshinda Afrika mara tano, ya mwisho 2015, na sasa wanawake wakaleta yao. Mwezi wa kwanza uliofuata, mushambuliaji Merveille Kanjinga akaenda Paris Saint-Germain.

Na mwezi wa kwanza ule ule, munajua kilichotupata. Tarehe 27, M23 ndani ya Goma. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Stade de l'Unité ikawa mahali pa mikutano ya wakubwa wapya. Niliporudi kwenye karatasi yangu ya miaka nikaona kitu kilichonikosesha usingizi: mwaka 1998, vita inaanza Goma, miezi mitatu haijaisha wadada wanapata nafasi ya tatu. Mwaka 2024, wadada wanachukua Afrika, miezi mitatu haijaisha Goma inaanguka. Mimi sisemi kuna uchawi ndani yake. Ninasema tu kwamba mara zote mbili furaha ile ilipita juu ya muji wetu kama ndege isiyotua.

Mwezi wa saba 2025 ekipe ya taifa ikacheza kombe la wanawake huko Moroko, ya kwanza tangu 2012. Senegali 4-0. Moroko 4-2. Mechi ya tatu, tarehe 12, ilikuwa na Zambia. Dada yangu, sasa ni mama wa watoto wanne, alikuja kwangu na simu yake kwa sababu kwake umeme ulikuwa umekatika. Mutandao ulikuwa unakatakata, picha inasimama, inaruka. Nikatumia dakika zile za kungojea kumuelezea mambo ya 1998: Gana, Kameruni, 3-3, penalti.

Hakusema kitu. Picha ikarudi, Zambia inaongoza 1-0 na mechi inaisha. Nikanyoosha mukono nizime simu, tulinde betri. Akanipiga kwenye vidole. "Acha kwanza," akasema, "ule namba yetu wa pembeni bado anakimbia."