Saa ya kuondoka: nani anaichagua?

Wandugu, wiki iliyopita tulibishana karibu usiku muzima. Wenzetu wanataka kupanda kinga kutoka Lubumbashi hadi Likasi na kurudi, karibu kilometa 240, bila kulala njiani. Njia hatukuibishania. Tulibishania saa. Mmoja akasema: "Tuondoke magaribi kama bale ba Paris-Brest!" Nikaahidi kuandika kidogo, maana hiyo historia haiko nyepesi vile.

Paris-Brest-Paris ni ya mwaka 1891, kilometa 1,200. Charles Terront alishinda kwa saa 71 na zaidi, bila kulala. Leo si mashindano tena, na kila mutu anachagua kundi lake mapema: wa jioni wana saa 90, wa alfajiri saa 84. Wa jioni anaongezewa muda, lakini anaingia usiku akiwa ameisha kushinda macho tangu asubuhi.

Tour de France ya kwanza ndiyo inanihangaisha. Tarehe 1 Julai 1903, Montgeron karibu na Paris, waliondoka saa 9 na dakika 16 ya mchana (saa nahesabu ya Kiswahili, si ya ofisi). Mbele yao kulikuwa kilometa 467 hadi Lyon, yaani usiku wote. Maurice Garin alifika asubuhi. Géo Lefèvre, mwandishi wa gazeti L'Auto lililoandaa mashindano, alipaswa kuwasimamia. Alipanda treni, na Garin akamutangulia Lyon! Sasa gizani nani alikuwa anaangalia?

Jibu lilikuja 1904. Karibu na Saint-Étienne, usiku, mashabiki wa mwendeshaji wa kwao, Fauré, walipiga wapinzani wake, hata bastola zikalia ili kundi litawanyike. Wengine walishutumiwa kupanda treni na motokari. Mwezi wa Desemba wanne wa kwanza walinyang'anywa nafasi zao, Garin pamoja nao, na ushindi akapewa kijana Henri Cornet, aliyekuwa wa tano. Mwaka 1905 waandaaji walifupisha hatua na kuziongeza, usiku ukatoka kwa sehemu kubwa.

Sisi pia tuna historia ya kinga za usiku, ila hakuna gazeti linaloiandika. Wakati wa utafiti wangu wa mwisho wa masomo, juu ya miti ya miombo, nilimufuata muzee mumoja wa makala. Aliondoka saa 8 ya usiku, magunia yamefungwa nyuma hadi juu ya kichwa chake. Nilimuuliza kwa nini saa ile. "Mwana, jua ikikukuta na muzigo, unasukuma tu. Na soko haikungojee." Saa yake ilichaguliwa na jua na soko, yeye alikubali tu. Miaka miwili baadaye nilimukuta kwake, anatembea na fimbo. Lori lilimugonga kabla ya kupambazuka. Hakuwa na taa, na dereva hakusimama.

Basi pendekezo langu: mwezi wa Julai, wakati wa baridi, tuondoke saa 1 ya asubuhi, kukiwa kweupe. Tulale Likasi, turudi kesho yake. Mwenye kutaka magaribi aje kwanza na taa za nyuma za watu wote, na motokari ya kutufuata.