Irabu Moja: Kuagizwa na Kupigwa Marufuku

Anayesoma kwa Kiingereza historia ya Kenya chini ya ukoloni hawezi kukikwepa kitenzi "proscribe". Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama cha Kikuyu Central Association, na mwaka 1950 ikaitangaza Mau Mau kuwa chama haramu. Badilisha irabu moja tu, upate "prescribe", na chama kilichopigwa marufuku kinageuka kuwa chama kilichoagizwa na serikali ileile! Nimeiona kasoro hiyo katika muhtasari uliochapwa na kugawiwa wanafunzi. Asiyeijua historia angedhani Waingereza ndio waliowaamuru Wakikuyu kujiunga.

Vitenzi vyote viwili vina asili moja ya Kilatini, "scribere", yaani kuandika. "Praescribere" kilimaanisha kuandika mwanzoni, kabla ya maandishi mengine, kisha kikaja kumaanisha kutoa agizo. Siku hizi kinatumiwa zaidi na madaktari. Nasi, kwa njia yetu wenyewe, husema daktari ameniandikia dawa.

"Proscribere" kilikuwa kuandika na kuweka hadharani. Hapo awali hakikuwa na ubaya, kwani hata tangazo la mali inayouzwa liliitwa hivyo. Aliyekitia damu ni Sulla. Mwaka 82 K.K., baada ya kuitwaa Roma kwa vita, alitangaza majina ya maadui zake. Plutarch anasimulia kwamba mara ya kwanza majina yalikuwa 80, kisha yakaongezwa 220, halafu mengine kiasi hichohicho. Mtu aliyeandikwa aliweza kuuawa na yeyote, na muuaji akalipwa. Mali yake ilinadiwa. Hata wanawe walinyimwa haki za uraia. Mwaka 43 K.K. Octavian, Marcus Antonius na Lepidus waliurudia mtindo huo, na Cicero akawa miongoni mwa waliouawa.

Kwa maoni yangu, Sulla anatusaidia kuuelewa mwaka 1940 kuliko kamusi. Katika visa vyote viwili hapakuhitajika kesi: jina likishatangazwa, hatia imekwisha kupatikana. Viongozi wa Kikuyu Central Association walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Ninapotafsiri "proscribe" huandika "kupiga marufuku", na ni tafsiri sahihi, ingawa ndani yake ile orodha iliyowekwa hadharani haionekani.